High Peak: kufuta wilaya hakutapunguza milango ya kubisha

Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mfumo wa ngazi mbili za serikali za mitaa, kaunti juu na wilaya chini yake, utaondolewa kote England. Februari 2025 halmashauri zilizobaki kwenye mfumo huo zikaandikiwa zilete mapendekezo ya mamlaka mpya za ngazi moja, kila moja ikilengwa iwe na wakazi 500,000 au zaidi. High Peak, wilaya ya vilima iliyo pembeni kabisa kaskazini-magharibi mwa kaunti ya Derbyshire, ina wakazi wapatao 91,000. Kwa kipimo hicho haina pa kujitetea. Mjadala uliobaki Derbyshire baada ya hapo ulikuwa kama iundwe halmashauri moja kubwa au mbili, ya kaskazini na ya kusini.

Wanaounga mkono mpango huu wana hoja nyepesi kueleweka: mwananchi asihangaishwe kati ya ofisi mbili, na fedha zinazoliwa na utawala wa pande mbili ziokolewe. Kwa mji ulio tambarare, wenye barabara zake, mto wake na hospitali yake, hoja hiyo inasimama. Kwa High Peak ni hoja nusu. Mpaka kati ya kaunti na wilaya ni mmoja tu kati ya mipaka mingi inayokatiza vilima hivi, na kwa mambo mazito zaidi ndio mpaka wenye madhara madogo. Iliyobaki, yaani ya hifadhi ya taifa, ya barabara kuu, ya maji na ya afya, itabaki pale pale siku ya kwanza ya halmashauri mpya.

Tuanze na mwamba, kwa sababu huko mwamba ndio unaoamua nani atakuwa na kazi gani. Wilaya ina kilomita za mraba 539 hivi. Kusini, kuzunguka mji wa Buxton, ardhi ni ya mawe ya chokaa: maji huzama chini, mabonde mengi hayana mto, malisho ni ya kijani na machimbo ni makubwa. Kaskazini ni mwamba mgumu wa mchanga uliolala juu ya tabaka za mwambatope, na juu yake udongo mweusi wa mboji. Maji hayazami huko, hubaki juu. Ndiko kuliko Kinder Scout, mita 636, kilele cha juu kuliko vyote Derbyshire, na jirani yake Bleaklow, mita 633. Katikati ya aina hizo mbili kuna bonde la Hope, ambalo sakafu yake ni mwambatope laini usioaminika. Kwa hiyo kusini kuna migogoro ya vumbi na malori ya mawe, kaskazini kuna mabwawa na moto wa nyika, na katikati kuna barabara zinazoteremka na mlima.

Jambo la pili ni mgawanyiko wa maji. Mito ya Etherow na Goyt huelekea magharibi, huingia kwenye mto Mersey na kuishia bahari ya Ireland kule Liverpool. Derwent na Wye huelekea kusini-mashariki, huingia Trent na kuishia bahari ya Kaskazini. Wilaya moja, miteremko miwili. Watu wamefuata maji: wa Glossop, Hadfield, New Mills na Whaley Bridge hufanya kazi na kununua mahitaji Manchester na Stockport, wa Bamford na vijiji vingine vya bonde la Hope hutazama Sheffield. Makao makuu ya kaunti yako Matlock, mji ambao mtu wa Glossop hawezi kuufikia kwa treni bila kuzunguka mbali, kwa kuwa reli iliyounganisha Buxton na Matlock ilifungwa mwaka 1968. Sehemu ya njia hiyo leo ni ya waendao kwa miguu na baiskeli.

Wilaya yenyewe ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1974, kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1972. Iliunganisha manispaa za Buxton na Glossop, halmashauri za miji ya New Mills na Whaley Bridge, na halmashauri ya vijijini ya Chapel-en-le-Frith. Ikaongezewa Tintwistle, ambayo ilikuwa ya kaunti ya Cheshire. Tintwistle haikuhamishwa kwa sababu wakazi wake walijiona watu wa Derbyshire. Ilihamishwa kwa sababu majirani zake wa upande wa Cheshire walichukuliwa na kaunti mpya ya Greater Manchester, yenyewe ikabaki haina pa kushika. Anayedhani mipaka ya wilaya hii ni ya asili, aanzie hapo.

Msomaji wa Tanzania asimtafute mkuu wa wilaya katika mpangilio huu: hayupo. Hakuna ofisa aliyeteuliwa na serikali kuu kuketi Buxton na kuwaita wakuu wa idara mezani. Kuna madiwani 43 wanaochaguliwa kila baada ya miaka minne, mtendaji mkuu aliyeajiriwa nao (ambaye kwa miaka mingi wamekuwa wakishirikiana na wilaya jirani ya Staffordshire Moorlands), na meya wa heshima anayevaa mkufu kwenye sherehe. Madaraka yamegawanywa kwa aina ya kazi. Kaunti ina shule, barabara nyingi, huduma za ustawi wa jamii, maktaba, na kutupa taka. Wilaya ina kuzoa taka, nyumba za halmashauri, afya ya mazingira, vibali vya kujenga nje ya hifadhi, na kukusanya kodi. Ndiyo, taka: wilaya inazipakia kwenye lori, kaunti inalipia zinakoishia. Wilaya ikizembea kutenganisha, gharama inaangukia kaunti. Kaunti ikifunga kituo cha kupokea taka, mifuko inayotupwa kando ya njia inaokotwa na wilaya. Hapa, na nasema bila kusita, kuunganisha kutasaidia.

Kodi ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Bili inayofika nyumbani ina nembo ya wilaya, lakini wilaya hubakiza takriban sehemu moja ya kumi. Sehemu kubwa inakwenda kaunti, kisha polisi, zimamoto, na parishi, yaani halmashauri ndogo ya kijiji au mji, kwa wale wenye parishi. Kiwango hutegemea daraja la nyumba, kutoka A hadi H, na daraja hupangwa kwa thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo Aprili 1991. Daraja D ndiyo msingi. A hulipa sita ya tisa ya msingi huo, H hulipa mara mbili yake. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya mfanyakazi wa kiwanda cha pamba cha zamani kule Glossop, ambayo leo bei yake imepanda mno, bado inahesabiwa kwa soko la zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Hasira ya mlipaji humwendea diwani wa wilaya, mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye karatasi ile.

Sasa hifadhi. Peak District ilitangazwa tarehe 17 Aprili 1951, hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, kwa sheria ya 1949. Nyuma yake kulikuwa na madai ya miaka mingi ya kuruhusiwa kutembea kwenye nyika zilizofungwa kwa ajili ya uwindaji wa matajiri, na tukio lake mashuhuri ni la tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watembeaji walipopanda Kinder Scout kutoka Hayfield bila ruhusa na watano kati yao wakafungwa jela. Aliyezoea Serengeti au Tsavo lazima abadilishe picha kichwani. Hifadhi ya Kiingereza si ardhi ya serikali iliyoondolewa watu. Ndani yake wanaishi watu wanaokaribia 40,000, kuna mashamba ya kondoo yenye wenyewe, shule, baa, na hata kiwanda cha saruji cha Hope, kilichoanza 1929, kabla ya hifadhi kuwapo. Kinachobadilika ukivuka mpaka wa hifadhi ni nani anayetoa kibali cha kujenga.

Mpaka huo ulichorwa kwa ujanja. Buxton na ukanda wa machimbo vimeachwa nje, ukipenda kuona tazama ramani: hifadhi imeuzunguka mji pande tatu na kuacha mfuko katikati. Glossop, New Mills, Whaley Bridge na Chapel-en-le-Frith nao wako nje. Matokeo yake, sehemu kubwa ya ardhi ya wilaya iko ndani ya hifadhi ilhali sehemu kubwa ya watu wake iko nje.

Chukua mwenye nyumba wa Castleton, kijiji kilicho ndani ya hifadhi, anayetaka kuongeza chumba ubavuni. Kwanza asidhani ana ruhusa ya jumla ambayo mwenzake wa Glossop anayo. Ndani ya hifadhi ruhusa hiyo imepunguzwa: kuongeza ubavuni, kuongeza ghorofa mbili nyuma, au kufunika kuta za nje kwa mbao au plasta, vyote vinataka ombi kamili. Ombi linakwenda kwa Mamlaka ya Hifadhi, Bakewell, mji ulio katika wilaya nyingine. Mamlaka hutangaza kwa siku 21, huiuliza parishi maoni, na kama kuna njia mpya ya gari, huiuliza kaunti kwa sababu barabara ni yake. Ombi dogo linapaswa kuamuliwa ndani ya wiki 8, kubwa wiki 13. Likikataliwa, mwenye nyumba ana wiki 12 za kukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali kuu. Likikubaliwa, bado hajamaliza: ukaguzi wa msingi, nguzo, moto na mifereji si kazi ya hifadhi hata kidogo, ni wa wilaya au wa mkaguzi binafsi aliyesajiliwa. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni mtu kupata kibali cha Bakewell na kuanza kuchimba akidhani ndicho cha mwisho. Kosa la pili ni kubadilisha michoro kumridhisha mkaguzi wa ujenzi, mathalani kuongeza unene wa paa kwa ajili ya joto, bila kuirudisha michoro hiyo hifadhini. Anajikuta amejenga kitu ambacho hakikuidhinishwa, na wa kumwadhibu si yule aliyempitisha.

Yote hayo ni usumbufu wa mtu mmoja. Penye uzito zaidi ni nyumba za kuishi vijana. Sheria inaipa wilaya wajibu wa makazi: orodha ya wanaosubiri nyumba, watu wasio na makao, mahitaji ya familia. Lakini ndani ya hifadhi wilaya haina kalamu ya kuruhusu hata nyumba moja. Kalamu iko kwa mamlaka ambayo majukumu yake ya kisheria ni kulinda mandhari na kuwezesha watu kuifurahia, na sheria ya mazingira ya 1995 inasema hayo mawili yakigongana, ulinzi hushinda. Ustawi wa wenyeji unatajwa kama jambo la kuzingatiwa wakati wa kutimiza hayo mawili. Hifadhi hailali, inaruhusu nyumba za bei nafuu pembezoni mwa vijiji, kwa masharti ya mkataba kwamba mkaaji awe na mizizi ya hapo, kwa kawaida miaka 10 ya ukaazi ndani ya 20 iliyopita katika parishi hiyo au ya jirani. Sharti ni la haki, ila lina mtego. Kijana aliyekwenda kusoma na kufanya kazi Manchester, akarudi akiwa na miaka 32, hesabu inaweza kumkataa. Na benki huogopa kukopesha kwa nyumba ambayo wanunuzi wake ni wachache kisheria, hivyo anayekubaliwa na hifadhi anakataliwa na mkopeshaji.

Nani anawajibika kwa wapiga kura katika jambo hili? Bodi ya hifadhi ina wajumbe 30: 16 ni madiwani waliotumwa na halmashauri mbalimbali ambazo ardhi ya hifadhi inaingia, 14 wanateuliwa na waziri, sita kati ya hao wakitoka parishi. Hakuna hata mmoja anayepigiwa kura moja kwa moja kwa kiti hicho. Halmashauri mpya ikiundwa, viti vitagawanywa upya, lakini kalamu itabaki Bakewell. Na halmashauri ya watu laki tano au zaidi, wengi wao wa Chesterfield na miji iliyokuwa ya makaa ya mawe, itakuwa na sababu ndogo kuliko High Peak ya kupigania nyumba sita za kijiji cha Edale.

Barabara zinatoa somo lililo wazi zaidi. Kutoka Glossop kwenda Sheffield kuna njia mbili za kuvuka mgongo. Ya kaskazini, A628 kupitia bonde la Longdendale, ni barabara kuu ya taifa chini ya wakala wa serikali kuu. Ya kusini, A57 iitwayo Snake Pass, inayopanda hadi mita 512 hivi, ni ya kaunti. Zinapokea theluji ile ile na malori yale yale, lakini mfuko wa kutengeneza ni tofauti. Februari 2022, baada ya dhoruba tatu mfululizo, ardhi chini ya Snake Pass iliteleza. Barabara ilifungwa, ikafunguliwa tena kwa kuzuia magari mazito na kupunguza mwendo penye mpasuko. Kila lori lililozuiwa huko lilihamia kwingine, hasa Longdendale, ambako vijiji vya Tintwistle na Hollingworth tayari vilikuwa vinakohoa moshi. Uamuzi wa mwenye barabara moja ukawa mzigo wa mwenye barabara nyingine.

Kaunti haikufanya hivyo kwa ubahili. Inakumbuka Mam Tor, kilima kilicho karibu na Castleton. Barabara ya A625 ilijengwa mwaka 1819 juu ya poromoko la ardhi lililoanza maelfu ya miaka kabla. Kilele ni tabaka za mchanga na mwambatope zikipokezana. Mvua ikiingia, mwambatope hulainika na mlima huteleza polepole, zaidi kwenye majira ya baridi yenye maji mengi. Wahandisi wakajaza lami juu ya lami. Uzito wa lami mpya wenyewe ukawa sehemu ya tatizo. Mwaka 1979 waliachana nayo, na leo tabaka hizo za lami zinaonekana zimekatika vipande vipande. Magari yalihamishiwa kwenye korongo la Winnats, mteremko unaozidi asilimia 20, usiofaa malori. Anayeidai kaunti itengeneze Snake Pass mara moja tu ikae milele, anadai kitu ambacho mwambatope haukubali. Kinachowezekana ni mifereji ya kutoa maji juu ya mteremko, vipimo vya mwendo wa ardhi, na fedha za kila mwaka badala ya kazi ya dharura kila baada ya dhoruba. Fedha hizo haziwezi kutoka kwenye kodi ya majumba ya Derbyshire, iwe imegawanywa au imeunganishwa.

Kuegesha magari ni kichekesho kidogo cha jambo hilo hilo. Castleton siku ya jua, gari lililosimama kando ya barabara ni shauri la kaunti. Likiziba njia kabisa ni la polisi. Viwanja vya kuegesha vina wenyewe tofauti, wilaya, hifadhi, na chini ya Mam Tor ni taasisi ya hiari ya National Trust. Kila mmoja hupanga bei yake. Anayepandisha peke yake huwasukumia wageni kwenye ukingo wa barabara ya mwenzake.

Kuhusu maji, High Peak imezoea zamani kuamuliwa na walio mbali. Mabwawa ya Longdendale yalijengwa karne ya 19 kuinywesha Manchester. Upande wa mashariki, mwaka 1899 iliundwa bodi ya maji ya bonde la Derwent, na miji ikagawana maji kwa asilimia zilizoandikwa: Leicester 35.72, Derby 25, Sheffield 25, Nottingham 14.28. Vijiji vya Derwent na Ashopton vikazama chini ya bwawa la Ladybower, lililofunguliwa 1945. Unaweza kuuchukia mgawanyo huo, lakini una sifa moja ambayo serikali za mitaa za leo hazina: kila mmoja alijua fungu lake na deni lake, hadi desimali ya pili.

Toddbrook inastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayeandika katiba ya halmashauri mpya. Ni bwawa la karne ya 19 juu ya mji wa Whaley Bridge, lenye uwezo wa mita za ujazo zinazokaribia milioni 1.3, lililojengwa kulisha mfereji wa mashua. Mwenyewe ni shirika la hisani linalosimamia mifereji. Lina tuta la udongo, na juu ya tuta hilo, karibu mwaka 1970, iliwekwa njia ya zege ya kumwagia maji ya ziada. Tarehe 1 Agosti 2019, baada ya mvua kubwa, vibamba vya zege vilivunjika na maji yakaanza kula udongo chini yake. Uchunguzi huru uliochapishwa 2020 ulitaja usanifu mbovu wa njia hiyo, pamoja na matengenezo yasiyo thabiti kwa miaka mingi. Maji yakipenya chini ya kibamba, hukisukuma kutoka chini na kuondoa udongo unaokishikilia. Kikishapasuka kimoja, vinavyofuata havina msaada. Maji yaliyokuwa yanapita siku hiyo hayakufikia kiasi ambacho njia hiyo ilipaswa kukihimili.

Hesabu wenye mamlaka. Mmiliki ni shirika la hisani. Msimamizi wa sheria ya mabwawa ya 1975 ni wakala wa mazingira wa serikali kuu. Wahandisi wanaokagua, yule wa kila mara na yule wa ukaguzi wa miaka kumi, wanalipwa na mmiliki. Mji ulio chini ni wa wilaya ya High Peak. Shule waliyokimbilia watu, huko Chapel-en-le-Frith, na huduma za wazee ni mambo ya kaunti. Mto Goyt, ambao ungepokea gharika, unapita New Mills kisha unavuka kwenda Marple na Stockport, Greater Manchester, kwa polisi wengine na zimamoto wengine. Kwa nadharia ya wanaotaka kuunganisha, hapa palikuwa pa mkanganyiko mkubwa. Haikuwa hivyo. Watu wapatao 1,500 walitolewa, helikopta ya jeshi ikamwaga zaidi ya tani 400 za kokoto kwenye shimo, pampu zikashusha maji, na tarehe 7 Agosti watu wakarudi. Hakuna aliyekufa.

Kilichofanya kazi ni sheria ya dharura ya 2004. Inawataka polisi, zimamoto, halmashauri za ngazi zote, afya na wakala wa mazingira wawe na jukwaa moja kwa kila eneo la polisi, wapange na kufanya mazoezi kabla ya janga, na siku ya tukio ijulikane nani anaongoza. Kilichoshindwa ni upande wa kawaida, wa kila siku: ukaguzi wa miaka kumi ulikuwa umefanyika Novemba 2018, ila hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuwaonyesha waliolala chini ya tuta kile ambacho mkaguzi alikiona. Ofisi zilikuwa nyingi nyakati zote mbili. Tofauti ni kwamba wakati wa dharura kulikuwa na kiongozi aliyetajwa, na wakati wa amani hakuwapo.

Mfano mwingine uko juu zaidi, kwenye mboji ya Bleaklow na Kinder. Masizi ya viwanda, moto na kondoo wengi viliacha ardhi tupu nyeusi iliyochanika makorongo. Tangu 2003 ushirika unaoitwa Moors for the Future, ulio chini ya hifadhi lakini wenye kampuni za maji na wamiliki wa ardhi ndani yake, umekuwa ukiitengeneza, na mpangilio wa kazi ni mkali. Kwanza kondoo wanazuiwa. Kisha mboji tupu hufunikwa kwa vipande vya matawi ya kichaka cha nyika ili upepo usiichukue, na hurushiwa chokaa na mbolea kwa helikopta, kwa sababu asidi ni kali kiasi kwamba mbegu zikipandwa bila chokaa huota na kufa. Nyasi za muda hushika udongo. Makorongo huzibwa kwa mawe, mbao au vibao vya plastiki, kila kizuizi kikiwekwa ili maji yake yarudi hadi mguu wa kizuizi cha juu. Ukiviachia nafasi kubwa mno, maji huanguka, huchimba chini ya kizuizi na kukibomoa. Mwisho hupandwa sifagnamu, mmea mdogo unaofyonza maji kama sponji na kujenga mboji upya. Kazi hii inavuka mipaka ya kaunti kadhaa, na haikusubiri yeyote aunganishwe na mwenzake.

Glossop nayo imeonja upande wa pili wa kunyoosha mistari. Kwa miaka mingi huduma zake za afya zilipangwa pamoja na Tameside, upande wa Manchester, kwa sababu hospitali wanayokwenda iko Ashton-under-Lyne. Julai 2022 mji ukahamishiwa kwenye mfumo wa afya wa Derbyshire, ili mpaka wa afya ulingane na wa kaunti. Ramani ikapendeza. Hospitali haikuhama, wagonjwa hawakuhama. Kilichohama ni mkataba wa anayelipa, na kila huduma iliyojengwa pamoja na Tameside ikabidi ijadiliwe upya. Tangu Mei 2024 wapiga kura wa Glossop wana pia meya wa East Midlands, ambaye eneo lake linafika hadi Nottinghamshire, wakati treni zao zinaishia Manchester, kwa meya wasiyempigia kura.

Kwa hiyo ninachokitaka kwenye mpango mpya si mstari mzuri zaidi. Ni maandishi ya wajibu: mkataba kati ya halmashauri mpya na hifadhi unaosema nyumba ngapi za wenyeji zitapatikana katika vijiji gani na nani atatoa taarifa zisipopatikana, mpango mmoja wa A57 na A628, ukisainiwa na wenye barabara wote wawili, ili moja isifungwe bila nyingine kujiandaa, na haki ya mji ulio chini ya bwawa kusoma ripoti ya mkaguzi. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji wilaya ifutwe, na kuifuta hakukileti hata kimoja.

Lipo jambo moja ambalo wenyeji wenyewe wanaweza kulianza. Vijiji vingi, pamoja na New Mills na Whaley Bridge, vina halmashauri za parishi au za mji, zenye viwanja vya michezo, vibanda vya mabasi, bustani za kukodi na haki ya kutoa maoni kwenye vibali. Buxton na Glossop, miji miwili mikubwa kuliko yote, hazikupata ngazi hiyo mwaka 1974. Wilaya ikifutwa, zitabaki bila chombo chochote cha kwao kati ya mtaa na mamlaka ya watu laki kadhaa. Sheria ya 2007 inaruhusu wapiga kura kudai mapitio ya utawala wa jamii, njia ya kuunda halmashauri ya aina hiyo: kwa eneo lenye wapiga kura wasiofika 500 zinahitajika saini za asilimia 37.5, kuanzia 500 hadi 2,500, saini 187, zaidi ya hapo, asilimia 7.5. Ombi lieleze mipaka ya eneo na kinachoombwa, kila saini iwe na anwani inayolingana na daftari la wapiga kura, kwa maana nyingi hukataliwa hapo. Likipokelewa sawasawa, mapitio lazima yamalizike ndani ya miezi 12. Yanaendeshwa na halmashauri ya wilaya, hiyo hiyo inayokaribia kufutwa, na ikishaondoka ombi litakwenda kwa ofisi mpya yenye mambo mengine mengi mezani.